Kompyuta ni ileile, programu zinatoa takwimu tofauti: niandike ipi kwenye daftari la mali?

Mtunza_Stoo:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa daftari la mali la chumba cha kompyuta katika shule ninayofanyia kazi. Mashine zenyewe ni kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, zote za aina moja, na kwa kila moja natakiwa kujaza aina ya prosesa na kasi yake, ukubwa na kasi ya RAM, pamoja na ukubwa wa diski. Kinachonisumbua ni kwamba kila programu ninayoifungua inanipa jibu lake.

Ukurasa wa mfumo wa Windows unaandika "Intel(R) Core(TM) i5-8250U CPU @ 1.60GHz 1.80 GHz", yaani kasi mbili katika mstari mmoja, ilhali Task Manager, programu ya Windows ya kufuatilia kazi za kompyuta, inaonyesha kasi inayopanda na kushuka, na wakati mwingine inakaribia 3.4 GHz. Kwa upande wa RAM, Task Manager inasema 2400, CPU-Z (programu ya kusoma taarifa za vifaa vya ndani) inasema takriban 1197 MHz, na nilipowasha Linux kutoka kwenye flashi, amri ya dmidecode, inayoorodhesha vifaa vya kompyuta, ilinionyesha 2667 na 2400 kwa pamoja. Risiti inasema diski ni ya GB 256 lakini Windows inahesabu 238, na RAM ya GB 8 inasomeka 7.6 kwenye free, amri ya Linux ya kuonyesha kiasi cha RAM. Mkaguzi wa hesabu ataweka risiti na daftari langu sambamba, nami sipendi ionekane kwamba kuna kitu kilichopungua njiani. Je, ipo programu inayoaminika kuliko nyingine, au mashine hizi zina kasoro?

Fundi_Bodi:

Ndugu Mtunza_Stoo, katika takwimu ulizoziweka hapa sioni dalili yoyote ya kasoro. Kabla ya kuamua programu ipi inaaminika, tazama kwanza kila moja imelitoa wapi jibu lake, kwa sababu nyingine husoma maandishi yaliyowekwa kiwandani, nyingine husoma jedwali lililoandaliwa na BIOS (programu ya ubao mama inayowasha kompyuta), na nyingine hupima kinachotokea wakati huohuo.

Tuanze na prosesa, ambayo ndiyo yenye mkanganyiko mkubwa zaidi. Jina lote hadi kufikia "@ 1.60GHz" ni maandishi ambayo Intel imeyaweka ndani ya prosesa yenyewe, na Windows huyanakili kama yalivyo. Ile 1.80 inayofuata imetoka kwa Windows, ambayo hukadiria kasi kwa kufuata saa ya ndani ya prosesa, na saa hiyo katika i5-8250U huenda kwa mwendo wa 1.8 GHz. Chimbuko lake ni kwamba prosesa hii, iliyotoka mwaka 2017, ina kasi ya msingi ya 1.6 GHz ikitumia wati 15, lakini Intel inamruhusu mtengenezaji wa kompyuta kuipandisha hadi 1.8 GHz kwa wati 25 endapo feni na mfumo wa kupooza vinahimili. Nayo 3.4 GHz ni kilele cha turbo, yaani kasi ya muda iliyo juu ya kasi ya msingi, kinachofikiwa kazi inapokuwa nzito na joto likiwa bado linaruhusu. Mashine ikikaa bila kazi utaiona ikishuka hata chini ya 1 GHz, na hiyo pia ni sawa kabisa.

RAM ya DDR4, aina iliyomo kwenye mashine zako, hupitisha data mara mbili katika kila pigo la saa yake. CPU-Z huonyesha mapigo ya saa, na Task Manager huonyesha idadi ya mara ambazo data inapita, kwa hiyo 1197 mara mbili inakupa 2394, ambayo ndiyo hiyo 2400 ya jina. Lawama kidogo iende kwa Windows, maana kwa miaka mingi iliandika MHz mbele ya takwimu ambayo si ya saa, na ni matoleo ya karibuni ya Windows 11 ndiyo yameanza kuandika MT/s (mamilioni ya mara data inapopita kwa sekunde). Ukifungua mfuniko wa chini, bila shaka utakuta kibandiko cha RAM kimeandikwa PC4-2666V. Uwezo wa RAM hiyo ni 2667, lakini i5-8250U hutumia DDR4 kwa kasi isiyozidi 2400, hivyo BIOS imeipangia kasi hiyo, na dmidecode imekueleza vyote viwili kwa usahihi.

Bi_Takwimu:

Nashukuru kwa maelezo hayo, nami nitaongeza kuhusu ukubwa, kwa sababu hapo pana sababu mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Diski ya GB 256 ina baiti bilioni 256, kwa hesabu ya makumi ambayo watengenezaji wa diski wanaitumia. Windows hugawanya baiti hizo kwa 1,073,741,824, yaani 1024 × 1024 × 1024, ikapata 238.4, kisha ikaendelea kuandika GB kana kwamba kipimo ni kilekile. Tangu mwaka 1998 kipimo hicho cha pili kimekuwa na jina lake rasmi, gibibaiti, na ndiyo maana amri ya free ikitumiwa na -h huweka herufi Gi. Kompyuta za Apple ziliacha hesabu hiyo ya 1024 kwa diski mwaka 2009, kwa hiyo ukiichomeka diski yako huko itasomeka 256 bila kubadilika chochote.

RAM haimo katika hesabu hiyo. Moduli ya GB 8 ni gibibaiti 8 kamili, na pengo la 0.4 ni sehemu iliyotengwa kwa ajili ya michoro, BIOS na kiini cha mfumo wa Linux (kernel) kabla free haijaanza kuhesabu. Kwenye Task Manager, sehemu ya kumbukumbu, utaona mstari wa "Hardware reserved" wenye kiasi kilichotengwa upande wa Windows. Kwa mkaguzi andika 8, kwa sababu ndicho kilichonunuliwa na ndicho kilichomo ndani.

Mlinzi_wa_Data:

Nakubaliana na wote wawili, ila kwa mashine zilizotumika naomba tuwe waangalifu zaidi. Jina la prosesa linaloonekana kwenye Windows linaweza kubadilishwa katika Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Sehemu hiyo ya Registry huundwa upya kila kompyuta inapowashwa, kwa hiyo mdanganyifu huacha programu ndogo inayoandika jina la uongo kila mara. Wewe umekwisha kuwasha Linux kutoka kwenye flashi, basi endesha hapohapo lscpu, amri ya kuonyesha taarifa za prosesa, kwa kuwa inapata jina kwa prosesa yenyewe, na i5-8250U halisi itaonyesha viini 4 (cores) na nyuzi 8 (threads). Diski nayo inaweza kutangaza ukubwa ambao haina, na njia ya uhakika ni kuijaza data na kuisoma tena, kazi ambayo programu ya F3 huifanya vizuri. Fanya hivyo kabla hujaweka mafaili ya shule.

Kwenye daftari, safu ya kasi ningeifuta kabisa. Andika jina kamili la prosesa, namba ya moduli ya RAM kama ilivyo kwenye kibandiko, na namba ya diski. Kasi hubadilika kila sekunde, lakini namba hizo zitamwezesha mkaguzi yeyote kuthibitisha kwamba kifaa ni kilekile.

Mtunza_Stoo:

Nawashukuru sana. lscpu imeonyesha viini 4 na nyuzi 8, na kibandiko cha RAM ni PC4-2666V kama alivyosema Fundi_Bodi. Limebaki swali moja, kwa kuwa tungependa kuongeza RAM: dmidecode inasema kiwango cha juu ni GB 16, lakini ukurasa wa Intel wa prosesa hii unasema 32. Nifuate upi?

Fundi_Bodi:

Intel inazungumzia prosesa peke yake. Takwimu ya dmidecode imeandikwa na aliyetengeneza BIOS, na mwongozo wa programu hiyo wenyewe unatahadharisha kwamba mara nyingi majedwali hayo huwa na makosa au mapengo. Tafuta kitabu cha matengenezo cha modeli hiyo kwa mtengenezaji wa kompyuta, kisha, ukiwa umefungua mfuniko, hesabu nafasi za RAM kwa macho, kwa maana baadhi ya mashine zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mama pamoja na nafasi moja tu ya kuongeza.