Mjadala: Jeshi lichague askari wake, lakini kwa nini orodha ya wanaoingia iwe siri?

Wakuu, salaam.

Kila Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linapotangaza nafasi za vijana wa kujitolea, na kila Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) linapotangaza kuandikisha askari wapya, maneno ya mtaani huwa yale yale. Nafasi zimeshaliwa. Ukienda bila kimemo, yaani karatasi ya mkubwa ya kukuombea, unachoma nauli. Mtoto wa fulani kapita na mbio hakukimbia. Sisemi kwamba yote hayo ni kweli. Ninachosema ni kwamba hakuna raia mwenye njia ya kuthibitisha wala kukanusha, na kijana aliyeachwa wilayani anarudi nyumbani bila kujua kama alishindwa au alizibwa. Hilo linaniuma, kwa sababu hao ndio tunaowaomba wawe tayari kuifia nchi hii.

Hoja yangu ni moja. Jeshi liendelee kuchagua askari wake lenyewe, kwa vipimo vyake. Ila hesabu ya nafasi kila wilaya, vigezo vilivyotumika na majina ya waliochaguliwa viwekwe hadharani, na Bunge liwe na zamu ya kukagua kila mwaka. Siombi tume mpya.

Wengi tunabishana bila kuijua njia yenyewe, kwa hiyo niieleze. Tangazo la JWTZ kwa kawaida humtaka mwombaji awe raia, awe na kidato cha nne au zaidi, asiwe ameoa au kuolewa, asiwe na rekodi ya uhalifu, na awe amepitia JKT na kutunukiwa cheti. Maana yake mlango wa JKT ndio mlango wa jeshi. Sasa nani anashika komeo la JKT? Matangazo ya JKT lenyewe yanasema kuomba na kuchaguliwa kunaratibiwa na ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya anakoishi mwombaji. Chujio la kwanza haliko kambini, liko kwa mkuu wa wilaya (DC).

DC ni mteule wa Rais na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Kwa kuwa wateuliwa hao kwa kawaida ni makada wa chama tawala, anaingia pia kwenye kamati ya siasa ya chama wilayani. Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, na tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 tumeambiwa, kwa haki kabisa, kwamba siasa zibaki nje ya lango la kambi. Lakini kijana ambaye kesho atakatazwa kadi ya chama, leo anachujwa ofisini kwa mtu wa chama. Wanaosema "msiingize siasa jeshini" kila raia anapouliza swali, naomba waanze kutazama hapo.

Na si JWTZ peke yake. Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wamekuwa wakichukua vijana waliopita JKT. Meza moja ya wilaya inalisha sare karibu zote za nchi hii, na bado haina orodha inayobandikwa ukutani.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ndani ya jeshi. Historia yetu inakataa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na maasi yakafika Tabora na Nachingwea. Walikuwa wanadai nini? Mishahara, na maofisa wa Kiingereza waondoke Waafrika wapande vyeo. Yalikuwa madai ya ajira na upandishaji vyeo, yaliyokosa mahali pa kusikilizwa, na serikali changa ikalazimika kuomba msaada wa makomando wa Uingereza ili kuyazima. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile. Lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964 lilipata watu wake wa mwanzo kwa wito uliotolewa kwa vijana wa TANU na waliokuwa JKT, chombo kilichoanzishwa Julai 1963. Kwa hiyo swali la nani aingie jeshini lilijibiwa na raia, tena wanasiasa, tangu siku ya kwanza. Jibu la wakati ule, la kupitishia vijana kwenye chama, lilikuwa na sababu zake katika nchi iliyonusurika kuanguka. Leo sababu hizo hazipo, ila njia imebaki na umbo lile lile.

Kuna jambo jingine ambalo tunalipita haraka mno. Aprili 2021 Mkuu wa Majeshi wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wa JKT wamerudishwa makwao baada ya kugoma wakidai kuandikishwa jeshini. Vijana wa JKT ndio waliojenga ukuta wa Mirerani unaozunguka migodi ya tanzanite, wenye urefu wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Aprili 2018, wakapewa na kazi za ujenzi wa Ikulu ya Chamwino, na wakuu wa nchi waliwasifu hadharani na kuwapa matumaini ya ajira. Nakubali kabisa kwamba mgomo ndani ya kambi haukubaliki; jeshi likivumilia hilo si jeshi tena. Lakini tujiulize walikuwa na njia gani nyingine. Tangazo la JKT linasema wazi kwamba JKT haliajiri wala halimtafutii mtu ajira. Jukwaani wanaambiwa lingine. Kijana anafanya kazi miaka yake miwili, wakati mwingine anaongezewa, umri wa kuandikishwa unakaribia kumpita, na hakuna karatasi inayomwambia wangapi watachukuliwa kati yao, lini, na kwa kigezo gani. Ukimweka mtu katika hali hiyo kisha ukamwambia avumilie, unamdai utii ambao wewe hujaulipia kwa ukweli.

Karatasi hiyo ndiyo ninayoidai. Kabla ya usaili, kila wilaya itangaze ina nafasi ngapi. Baada ya usaili, majina yabandikwe ofisi ya wilaya na ya kata, kama Sekretarieti ya Ajira inavyotoa majina ya walioitwa kazini katika utumishi wa umma. Aliyeachwa aambiwe kafeli wapi: afya, mbio, vyeti, umri. Apewe siku za kukata rufaa kwa ofisa asiye wa wilaya hiyo. Na kila mwaka Wizara ya Ulinzi ipeleke kwenye kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi na usalama mgawanyo wa walioandikishwa kwa mkoa na kwa jinsia, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) awe na ruhusa ya kuchagua wilaya chache na kufuatilia faili kutoka kata hadi kambini.

Watasema idadi ya askari ni siri. Kweli, idadi ya jeshi zima, silaha na mahali vikosi vilipo ni siri na ibaki hivyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inalinda taarifa za usalama wa taifa, nami sina ugomvi na hilo. Ila tazameni kinachosemwa waziwazi tayari. Waziri wa Ulinzi husoma bajeti bungeni mbele ya kamera: Fungu 38 la Ngome, yaani JWTZ, Fungu 39 la JKT, Fungu 57 la Wizara, shilingi kwa shilingi, na hotuba hizo hutaja hata idadi ya vijana waliopewa mafunzo ya JKT. Adui anayejua mishahara ya Ngome kwa mwaka atajifunza nini kipya akisikia kwamba wilaya fulani imetoa vijana kumi na tano? Kama hata hilo linatisha, idadi zipelekwe kwenye kamati faraghani, majina ya kujiunga JKT yatangazwe. JKT hata hivyo ni mafunzo ya kujenga taifa, si kikosi cha siri.

Lipo pia suala la Muungano. Ulinzi ni jambo la Muungano, na kwa ajira za taasisi za Muungano tumezoea kusikia mgao wa asilimia 21 kwa Zanzibar. Je, jeshini mgao huo unafuatwa? Mzanzibari mwenye shaka na Mbara mwenye shaka wote wawili wanabishana gizani. Serikali yenyewe ingejisaidia sana kwa kutoa takwimu moja tu kila mwaka.

Naomba wachangiaji, hasa mliowahi kukaa kwenye usaili wa wilaya au kuwa watendaji wa kata: orodha inayotoka kata na orodha inayofika kambini zinafanana? Zinabadilikia wapi?

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu

Nimesoma yote. Nijibu yale mazito.

Mzee mmoja aliyestaafu jeshini ameandika kwamba wabunge wakipewa nafasi watageuza uandikishaji kuwa mgao wa majimbo, kila mbunge na vijana wake kumi. Shikamoo mzee, hofu yako naielewa na ndiyo sababu nimesema Bunge likague, lisichague. Kamati ipokee hesabu baada ya kazi kwisha, isipewe jina hata moja kabla. Mbunge akipeleka kimemo, naye awe na mahali pa kuonekana.

Wengine mmeshikilia kwamba bila tume huru ya ajira za jeshi hakuna kitakachobadilika, na mmetoa mfano wa Kenya. Mfano huo ninauheshimu. Katiba yao ya 2010, ibara ya 238, inataka uandikishaji wa vyombo vya usalama vya taifa uakisi watu wote wa Kenya kwa uwiano wa haki, na ibara ya 241 inataka hata uongozi wa juu wa jeshi uonyeshe mseto wa nchi. Sisi hatuna maneno hayo katika Katiba yetu, na ningependa tuwe nayo. Jeshi lao, KDF, nalo hutangaza vituo na tarehe za kuandikisha, vijana wanakimbia uwanjani watu wakitazama. Hata hivyo malalamiko ya hongo hayajaisha huko. Na kwa upande wa polisi, ambako wana tume kamili, tume na Inspekta Jenerali walivutana juu ya nani mwenye kuandikisha hadi Oktoba 2025 mahakama ya kazi ikaamua kwamba tume haina mamlaka hayo, huku uandikishaji wa askari 10,000 ukisubiri. Tume bila orodha ya wazi ni ofisi nyingine ya kupelekewa vimemo, hasa ikiwa wajumbe wake watateuliwa na mamlaka ile ile inayoteua ma-DC. Zanzibar idara maalum za SMZ, yaani vikosi vya Serikali ya Mapinduzi kama JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) na KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo), zina tume yao ya utumishi. Wenzetu wa kule mtuambie kama JKU na KMKM wanaingia kwa uwazi zaidi kwa sababu ya tume hiyo. Ikiwa ndiyo, nitaisikiliza hoja yenu kwa makini.

Dada mmoja ameleta habari ya Accra, Novemba 2025, ambako watu sita walikufa kwa kukanyagana uwanja wa El-Wak walipojitokeza kuandikishwa katika jeshi la Ghana. Anauliza kama uwazi ninaoudai hautatuletea msiba huo. Dada, kilichoua pale ni umati kuitwa mahali pamoja. Nafasi zikijulikana kwa wilaya, vyeti na umri vikahakikiwa katani kabla ya siku ya usaili, wanaofika uwanjani ni wale waliokwisha kupita hatua ya karatasi tu. Maelfu hufurika penye uvumi, pasipojulikana idadi.

Na uvumi una wafanyabiashara wake. JWTZ limeonya mara nyingi juu ya matapeli wanaochukua fedha za wazazi kwa ahadi ya kuwaingiza watoto jeshini. Maonyo ni mazuri, lakini tapeli anaishi kwa sababu mzazi anaamini kuna mlango wa nyuma, na anaamini hivyo kwa sababu wa mbele hauonekani. Mzazi aliyeuza mbuzi wake hawezi hata kwenda polisi, maana naye alikuwa anatoa rushwa.

Kuna ndugu mmoja ameniita adui wa jeshi. Sitamrudishia. Ninataka kijana wa Kibondo, wa Tandahimba na wa Micheweni, asiyejua mkubwa yeyote, apime mbio zake na mwenzake wa Oysterbay kwa saa ile ile ya kupimia. Naendelea kusubiri majibu ya watendaji wa kata. Mpaka sasa hakuna aliyejibu swali la orodha mbili, na mkipenda andikeni bila kutaja wilaya zenu.