Wamiliki wa timu ya Enstone wameivunja tena, na safari hii wamezima hata injini

Wakuu, uzi huu nimeufungua kwa hasira na ni mrefu. Asiye na muda apite.

Tazameni msimamo wa Formula 1 wa 2025. Alpine imemaliza ya 10 kati ya timu 10. Pointi 22, na zote kazileta Pierre Gasly peke yake. Gari la pili alianza nalo Jack Doohan, wakamtoa baada ya mbio 6, wakamkabidhi Franco Colapinto, naye akamaliza msimu bila pointi hata moja. Hii ni karakana ile ile ya Enstone, Oxfordshire, iliyotoa bingwa wa dunia 1994, 1995, 2005 na 2006. Majengo ni yale yale, na baadhi ya waliofunga boliti za gari la Fernando Alonso bado wanaingia kazini hapo kila asubuhi.

Halafu nasoma watu wanamlaumu Doohan, wengine wanamlaumu Colapinto, wengine injini. Jamani! Timu hii haijawahi kukosa watu wa kazi. Inachokosa ni mmiliki anayetulia. Kila inapofika karibu na kilele, mwenye mali anachoka, au anauza, au anafukuza waliomfikisha pale, na wanaobaki wanaanza moja.

Wengi wanaifahamu kuanzia jina la Alpine, kwa hiyo turudi 1981. Ted Toleman, Mwingereza aliyekuwa na biashara ya kusafirisha magari, aliingia na gari zito lenye injini ya turbo ya Hart na matairi ya Pirelli. Msimu mzima Brian Henton alifuzu kuanza mbio moja tu, Monza. Derek Warwick naye moja tu, Las Vegas. Kwa akili za viongozi wa leo, pale angefukuzwa kila mtu mpaka mlinzi wa geti. Toleman alimbakiza mbunifu wake, Rory Byrne, akamwacha ajifunze. 1983 Warwick akaleta pointi za kwanza kwa kumaliza wa nne Zandvoort. 1984, kwenye mvua ya Monaco, kijana mgeni anayeitwa Ayrton Senna alianza wa 13 akamaliza wa pili, na alikuwa akimla Alain Prost, aliyekuwa anaongoza, mzunguko kwa mzunguko mpaka mbio ziliposimamishwa. Hilo lilikuwa gari la timu ambayo miaka 3 kabla ilikuwa inashindwa hata kufuzu.

Mwaka uliofuata walikosa kampuni ya kuwapa matairi, wakakaa nje ya mbio 3 za mwanzo. Familia ya Benetton ikaingiza pesa, ikainunua timu, na 1986 ikaanza kukimbia kwa jina la Benetton. Mwaka huo huo Gerhard Berger akashinda Mexico bila kusimama kubadilisha tairi hata mara moja. Ushindi wa kwanza.

Kwa nini nayaeleza haya? Kwa sababu miaka 10 iliyofuata watu walewale waliruhusiwa kujenga. Byrne aliondoka kidogo akarudi. Mhandisi Pat Symonds alikuwapo tangu enzi za Toleman. Ross Brawn akaongezeka kama mkuu wa ufundi. Michael Schumacher walimchukua 1991 baada ya mbio yake moja tu na timu ya Jordan, 1992 wakahamia Enstone kwenye eneo lililokuwa machimbo ya mawe, na 1994 Schumacher akawa bingwa. Sitaficha kwamba mwaka ule una madoa: bendera nyeusi (amri ya kutoka mbioni) ya Silverstone, kufungiwa mbio 2, kuondolewa kwenye ushindi wa Spa kwa sababu ya mbao ya chini ya gari, na ile ajali na mpinzani wake Damon Hill pale Adelaide iliyoamua ubingwa kwa pointi 1. Lakini 1995, wakiwa na injini ya Renault, walichukua vyote viwili, ubingwa wa dereva na wa timu, bila ubishi. Schumacher peke yake mbio 9, Johnny Herbert 2.

Halafu wakaacha kila kitu kitoke mlangoni. Schumacher kaenda Ferrari, Brawn na Byrne wakamfuata. Mnajua kilichotokea huko: Ferrari ikabeba ubingwa wa timu mara 6 mfululizo, 1999 hadi 2004. Ubongo wa Enstone ulikuwa unashinda ukiwa umevaa nyekundu! Benetton ilibaki na ushindi mmoja wa Berger pale Hockenheim 1997, kisha ikashuka taratibu mpaka Renault ilipoinunua 2000 kwa dola milioni 120.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu Renault hiyo hiyo ilionyesha kwamba inajua jinsi ya kufanya. 2002 ya nne. 2003 ya nne, Alonso kashinda Hungary akiwa na miaka 22. 2004 ya tatu, Jarno Trulli kashinda Monaco. 2005 bingwa. 2006 bingwa tena, huku wakipigwa marufuku ya kifaa chao cha kutuliza mtikisiko wa gari katikati ya msimu. Hakuna aliyeibomoa timu 2003 kwa kuwa imebaki nafasi ile ile. Waliiacha ikomae.

Alonso alipoondoka, 2007 hawakushinda mbio hata moja. Alirudi 2008, na Singapore ikatokea. Nelson Piquet Jr aliigonga gari ukutani kwa makusudi, gari la usalama likaingia na wote wakapunguza mwendo, hilo likamfaa Alonso, akashinda. Yalipofichuka 2009, Flavio Briatore, mkuu wa timu, na Symonds wakaondoka, wadhamini wakubwa wakakimbia katikati ya msimu, na shirikisho la FIA likaipa timu adhabu ya kufungiwa iliyoahirishwa. Briatore mwenyewe alifungiwa, akaenda mahakamani Ufaransa na kufungiwa kule kukatenguliwa Januari 2010. Mafundi wa Enstone walilipia uamuzi ambao hawakuufanya. Mwisho wa 2009 Renault ikauza hisa nyingi kwa Genii Capital ya Luxembourg, ikajiondoa polepole.

Enzi ya Genii na jina la Lotus watu wanaikumbuka kwa rangi nyeusi na dhahabu na kwa Kimi Räikkönen. Kweli, alishinda Abu Dhabi 2012 na Australia 2013, na 2012 alikuwa wa tatu duniani. Ila Räikkönen huyo huyo alisema hadharani kwamba hajalipwa. James Allison, mkuu wa ufundi, akaondoka 2013. Eric Boullier akafuata mwanzoni mwa 2014. Msimu huo wakapata pointi 10 tu. 2015 ikawa aibu tupu: Hungary wanacheleweshewa matairi kwa sababu ya deni, Spa madalali wa mahakama wanayazuia magari, Japan wanakuta jengo lao la chakula na mapumziko limefungwa kwa sababu halijalipiwa. Katikati ya yote hayo, Spa ile ile, Romain Grosjean akamaliza wa tatu. Fikirieni watu wanaoweza kufanya kazi ya namna hiyo huku hawajui kama mwezi ujao kuna mshahara. Hao ndio ninaowasemea hapa.

Renault ikarudi kununua Desemba 2015 kwa pauni 1. Pauni moja, pamoja na madeni. Ikaahidi miaka 5 ya kujenga. Na ilianza vizuri: ya 9, ya 6, ya 4. 2020 Daniel Ricciardo akapanda jukwaani Nürburgring. Kisha Januari 2021 Cyril Abiteboul, mkuu wa timu, akaondoka, jina likabadilishwa kuwa Alpine, na kuanzia hapo mlango wa ofisi ya mkuu wa timu haujafungwa. Laurent Rossi, bosi wa kampuni ya Alpine, akaja na mpango wa kuifikisha timu kileleni ndani ya mbio 100. Marcin Budkowski, mkurugenzi wa timu, akaondoka Januari 2022. Otmar Szafnauer akaajiriwa kuwa mkuu wa timu Februari 2022. Julai 2023 Rossi mwenyewe katolewa kwenye nafasi yake, na wikiendi ya Spa mwezi huo huo wakatangaza kwamba Szafnauer anaondoka, pamoja na Alan Permane, mkurugenzi wa michezo.

Permane, wakuu! Mtu aliyeingia 1989, enzi za Benetton. Amekaa miaka 34, akapita mikononi mwa wamiliki wote hao, ana kumbukumbu ya kila ubingwa walioupata. Anaondolewa wikiendi ya mbio. Pat Fry, mkuu wa ufundi, naye akatangazwa kwenda Williams. Szafnauer alikuwa hajamaliza hata miaka 2. Wakamweka Bruno Famin, mwaka mmoja baadaye Oliver Oakes, Oakes naye akajiuzulu Mei 2025 kabla hajafikisha mwaka. Na Briatore? Alirudishwa Juni 2024 kama mshauri. Mtu yule yule aliyeondoka kwa Singapore anapewa usukani wa kutoa ushauri, na mtu aliyekaa karakana miaka 34 anaonyeshwa mlango. Hilo silimezi.

Halafu kuna habari ya Oscar Piastri, dereva wao chipukizi. Walimlea, wakamlipia majaribio, wakasahau kumfunga mkataba unaoeleweka. Agosti 2022 Alonso katangaza kwenda Aston Martin, kesho yake wao wanamtangaza Piastri, na Piastri anaandika mwenyewe kwamba hataendesha gari lao. Suala likaenda kwenye bodi ya mikataba, McLaren ikashinda. Madereva 2 ndani ya siku 2, bila hata senti ya fidia.

Msimu ule wa 2022 Alpine ilimaliza ya 4, mbele ya McLaren, pointi 173 kwa 159. Rudieni sentensi hiyo. Mbele ya McLaren. 2024 na 2025 McLaren imechukua ubingwa wa timu. Alpine 2025 imeshika mkia.

Na sasa Viry-Châtillon. Septemba 2024 walitangaza kwamba karakana ya injini ya Ufaransa itaacha kutengeneza injini za Formula 1, na kuanzia 2026 gari litabeba injini ya Mercedes. Wafanyakazi walikuwa wameshaandamana, wengine wakaenda mpaka Monza kuonyesha msimamo wao. Hawakusikilizwa. Pale ndipo palipozaliwa turbo ya kwanza ya Formula 1, iliyoingia Silverstone 1977 ikichekwa na kila mtu kwa moshi wake, na 1979 Jean-Pierre Jabouille akashinda nayo Dijon. Pale ndipo vali zinazofungwa kwa hewa zilikotoka. Injini za Renault zimebeba ubingwa wa timu 12, ukijumlisha Williams, Benetton, Renault wenyewe na zile 4 mfululizo za Red Bull kuanzia 2010 hadi 2013. Nakubali injini mseto ya tangu 2014 ilikuwa nyuma. Lakini kanuni mpya za 2026 zilikuwa nafasi ya kuanza sawa na wenzao, na kazi ya injini hiyo mpya ilikuwa imeshaanza. Badala ya kurekebisha kilichokuwa dhaifu wamemtupa jongoo na mti wake.

Nisije nikaambiwa naona mabaya tu. Brazil, Novemba 2024, mvua kubwa: Esteban Ocon wa pili, Gasly wa tatu. Alfajiri timu ilikuwa ya 9 kwenye msimamo, jioni ikawa ya 6. Ocon yule alikuwa ameshaambiwa aondoke mwisho wa msimu, na kabla ya mbio ya mwisho Abu Dhabi wakamtoa garini kabisa. Ndiye aliyewapa ushindi wao pekee kwa jina la Alpine, Hungary 2021, Alonso akimzuia Lewis Hamilton nyuma kwa mizunguko kadhaa ili Ocon apone.

NYONGEZA: Naona mkuu mmoja hapo chini anasema McLaren imekuwa bingwa na injini ya kununua Mercedes, kwa hiyo Alpine wamefanya sahihi. Mkuu, soma hoja yako upya. McLaren walikuwa na injini hiyo hiyo 2022 na Alpine ya injini ya Viry ikawapiga. Kilichobadilika Woking, nyumbani kwa McLaren, si injini. Andrea Stella yupo hapo tangu 2015, akapewa uongozi Desemba 2022, msimu wa 2023 ukaanza vibaya mno na hakuna aliyemgusa. Walipanga upya idara ya ufundi wakampa muda. Enstone, mwezi Julai wa mwaka huo huo, walikuwa wanagawa barua za kuondoka.

Na mwingine anauliza nataka nini. Nataka vitu viwili. Kwanza, Renault iseme waziwazi kama inauza au inabaki. Tayari 2023 waliuza asilimia 24 kwa wawekezaji kwa euro milioni 200, na kila baada ya miezi michache kuna uvumi mwingine wa mnunuzi. Mhandisi mwenye uwezo hawezi kusaini mkataba wa miaka 4 na timu ambayo haijui itaitwa nani. Pili, Steve Nielsen, waliyempa usimamizi Septemba 2025, anaijua karakana hii tangu zamani. Wamwache mpaka mwisho wa 2028, hata 2026 ikiwa mbaya.

Anayeamini watamwacha aandike hapa chini kwa sababu zake, nami nitamjibu.