Naomba ushauri: njia ya mabasi au miti?

Wakuu, heshima kwenu. Nipo kwenye kikundi kidogo kinachoandaa mpango wa mkoa wa miaka 20, na tumekwama kwenye barabara kuu moja. Mhandisi anataka njia maalumu ya mabasi yaendayo haraka katikati. Ili ipatikane, lazima ing'olewe safu nzima ya miti mikubwa, pamoja na mtaro wa majani unaonyonya maji ya mvua. Mtu wa umeme naye analitaka eneo hilohilo aweke paneli za sola. Kila mmoja anaita chake "endelevu"!

Mimi naegemea mabasi. Curitiba, Brazili, walianza njia zao mwaka 1974 na kuelekeza maghorofa marefu kandokando yake, abiria wakawa jirani na kituo. Copenhagen, Denmark, nao, tangu mpango wa 1947, mji unakua kama vidole kufuata reli, na katikati ya vidole pameachwa mashamba na misitu. Lakini juzi saa saba mchana nilikaa kwenye kituo kisicho na kivuli, chuma cha benchi kikaniunguza kiganja. Nani atasubiri basi pale?

Nimewaza paneli zipande juu ya mapaa ya vituo na maegesho, halafu mabasi yachukue njia moja ya magari, miti ibaki. Mhandisi anasema foleni itatumaliza. Mliowahi kuyapunguzia magari njia, mlianzaje? Na mtaro wa majani ukihamishwa, unafanya kazi kweli?