Naomba ushauri: kutenganisha mlio wa nyuzi za nyatiti na mgoto wa pete

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Kisumu, nasoma uzamili wa hisabati, na nimekwama.

Nimerekodi nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, sampuli 44,100 kwa sekunde. Nyuzi ni nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akigonga nayo mti wa ala yenyewe. Nataka kujua kila uzi umelia lini na pete imegonga lini.

Nilianza na mbinu ya Fourier ya kipande kwa kipande, yaani kukata sauti vipande vifupi (madirisha) na kupima masafa yaliyomo katika kila kimoja. Dirisha la sampuli 4,096 linatenganisha masafa kwa takriban Hz 11, nyuzi zinaonekana vizuri, lakini ni milisekunde 93 na mgoto wa pete unasambaa kama uji uliomwagika. Nikishuka hadi 512, mgoto unatulia kwenye milisekunde 12 hivi, ila masafa sasa yanaachana kwa Hz 86 na nyuzi za chini zinakuwa kitu kimoja. Najua huwezi kubana muda na masafa vyote viwili, mwanafizikia Dennis Gabor alishaeleza mwaka 1946. Msimamizi wangu husema "jaribu viwimbi" (wavelets, vijiwimbi vifupi vinavyorefushwa au kufupishwa kulingana na masafa) halafu huyo, ameenda. Nimejaribu aina ya Daubechies: migoto ilitoka safi, nyuzi za juu zikachanganyika.

Sasa, nitumie madirisha mawili kwa rekodi moja, nitoe migoto kwanza kisha nitafute nyuzi kwenye mabaki? Au viwimbi vya aina ya Morlet (wimbi linalofifia pande zote mbili) vinafaa zaidi, na idadi ya mizunguko ndani ya kila kiwimbi nichague vipi?

Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4, msinipeleke mbali sana.