Wasomaji wangu wanataka kuja kula nyumbani kwangu Jumamosi, nikatae vipi?

Kijiko cha Mbao (mleta mada)
Habari za jioni wanajukwaa. Naomba ushauri, na tafadhali tusitukanane, nimechoka vya kutosha.

Nina kijarida kidogo. Ni karatasi moja ya A4 iliyochapwa pande zote mbili na kukunjwa katikati, kurasa nne basi. Naandika habari za imani na familia, yaani maisha ya kwangu tu: tulivyosali, mtoto alivyougua, tulivyokosa ada na ikapatikana siku ya mwisho. Nimekipa jina la meza yetu ya chakula kwa sababu karibu kila kisa kinaanzia pale. Nilianza na nakala 20 za jumuiya. Sasa ni 300 kila mwezi. Steshenari moja hapa Morogoro wananifanyia bei nzuri, nauza 500 baada ya ibada, nyingine zinasafiri na watu mpaka Iringa na Dodoma. Chini ya ukurasa wa mwisho naweka namba yangu, na hapo ndipo wasomaji wananipata. Kuna mama hunitumia sauti saa nane za usiku akilia. Huwa namjibu. Sijawahi kumwona.

Sasa kikundi cha akina mama wa Dodoma, watu 11, wanakuja Jumamosi kwa treni ya mwendokasi. Wanataka kuketi kwenye ile meza, tule pamoja, wamwone baba, wawaone na watoto wangu watatu. Nataka kukataa bila kuwavunja moyo. Nawaambiaje?

Sufuria Kubwa
Dada, watu 11 siyo wengi hata kidogo. Ukijumlisha na ninyi, mchele kilo tatu, nyama kilo tatu na nusu, vitunguu kilo nzima, usivionee huruma. Pilau nyingi zinaharibika kwa sababu mpishi anaogopa vitunguu. Kachumbari wafanye watoto. Wakishashiba hawatakumbuka walikuja kuona nini.

Kibatari
Mimi nauliza tu, una leseni? Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inazungumzia machapisho. Sisemi karatasi yako ni gazeti, lakini unauza, unasambaza mikoa mitatu, na sasa unaalika wajumbe kutoka makao makuu ya nchi.

Kijiko cha Mbao
@Kibatari ni karatasi moja, kaka. Kanisani kwetu hata orodha ya nyimbo ni ndefu kuliko hiyo.

Mzee wa Msamvu
Vijana mnadhani mambo haya mmeyaanza ninyi. Pale Kiungani, Unguja, wamisheni walikuwa na jarida la Kiswahili liitwalo Msimulizi tangu 1888, na ndani yake watu walipashana habari za huku na huku. Msomaji kutaka kumwona mwandishi siyo jambo geni.

Nitakupa la kwangu. Mwaka 1983 nilikuwa na rafiki wa kalamu wa Tabora. Tuliandikiana mwaka mzima. Nikamwambia nina baiskeli, nikaieleza mpaka kengele yake. Siku moja mtu huyo akashuka kwenye treni na kibegi, amekuja tuendeshe wote baiskeli. Baiskeli ilikuwa ya jirani, na jirani kaenda nayo Mikese.

Sufuria Kubwa
@Mzee wa Msamvu 😂😂 ukafanyaje?

Mzee wa Msamvu
Nilisema imeibiwa. Akalia. Akaniachia shilingi mia za kuanzia kununua nyingine. Mpaka leo sijazirudisha, na sijui kama yu hai.

Binti Lukwangule
Turudi kwenye mada. Dada Kijiko, umeeleza karatasi, umeeleza treni, umeeleza na anayelia usiku. Hujasema kwa nini hutaki waje.

Kijiko cha Mbao
Ni sababu za kifamilia. Nyumba ina vyumba viwili na sebule, watoto wanne wanalala chumba kimoja, choo kiko nje. Na mume wangu si mtu wa wageni.

Binti Lukwangule
Akina mama wa jumuiya hawaji kukagua choo. Na huyo baba hata akinuna, si wamwone amenuna? Anasemaje yeye kuhusu hii Jumamosi?

Chaguo la Mama
Natia nanga hapa.

Kibatari
Saa tatu sasa, mleta mada yuko kijani, anasoma na hajibu. Baba anasemaje?

Kijiko cha Mbao
Sawa.

Baba hayupo. Aliondoka Machi mwaka jana. Yuko Dar, ana nyumba nyingine. Ni mwaka na miezi saba. Tangu hapo nimetoa matoleo 19, na katika yote yupo mezani. Anabariki chakula, anamsahihisha mtoto hesabu, anasoma Zaburi kabla hatujalala.

Kabla hamjanirukia. Sijazua hata kimoja. Nina daftari tangu 2016, kila kilichotokea nilikiandika usiku uleule. Zaburi alisoma. Hesabu alisahihisha. Kazi yangu ni kuchagua kisa na kukisafisha. Na kuna ndoa zimepona kwa karatasi hizi, nina ujumbe za watu, naweza kuwaonyesha.

Mwenyekiti wao nilishamwambia kwamba baba amesafiri kikazi Mwanza. Toleo la mwezi huu liko steshenari tangu juzi, nalo linasema hivyohivyo. Tiketi wameshakata. Wamenitumia na 120,000 ya kununulia chakula. Kwa hiyo nisaidieni hapa tu: Mwanza inatosha, au niseme anaumwa ili wasije kabisa?

Chaguo la Mama
Mungu wangu. Dada, Anania na Safira walikuwa mume na mke, na walitoa fedha halali kabisa. Tatizo lao lilikuwa ni maelezo.

Kibatari
Na wewe umepokea 120,000. Anania hakutumiwa hata senti.

Kijiko cha Mbao
Sijaigusa. Iko kwenye simu.

Mama Wakili wa Mtaani
Pole sana mdogo wangu. Mimi nitakwambia ambalo hawa hawasemi. Kutelekezwa kuna hesabu yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inautaja utelekezaji wa makusudi wa angalau miaka mitatu kama moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika pasipo kurekebishika. Na kabla ya kwenda mahakamani mnapita kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Usikae tu. Anatoa matunzo ya watoto? Andika tarehe zote. Mimi wa kwangu nilimsubiri miaka sita, nikijiambia yuko mgodini. Alikuwa mtaa wa pili.

Kijiko cha Mbao
Asante dada, ila sikuuliza talaka.

Mama Wakili wa Mtaani
Najua hukuuliza.

Mwalimu wa Ngeli
Nafundisha Kiswahili sekondari, mtanisamehe. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Unasema hujazua, na nakuamini. Kwenye daftari umeandika "anasoma Zaburi" kwa sababu siku ile alikuwa anasoma. Ukihamishia kwenye toleo la mwezi huu ukaacha ileile NA, umeshasema kitu kingine. Weka LI. "Alisoma." Ni herufi mbili. Kisa kinabaki, Zaburi inabaki, hata mtoto na hesabu zake anabaki.

Kijiko cha Mbao
Mwalimu, hizo herufi mbili ndizo zitakazonimaliza. Nikiandika "alisoma", kesho yake naulizwa kwani siku hizi hasomi? Nani atanunua habari za familia ya Kikristo kutoka kwa mwanamke aliyeachwa? Hapa kwetu hata kwaya walinihamisha kutoka mstari wa mbele, bila kuniambia kwa nini.

Sufuria Kubwa
Mimi ningenunua.

Mzee wa Msamvu
Binti, mume ni kichwa cha nyumba. Mrudishe kwanza, kalamu baadaye. Umejaribu kwenda na wazee wa pande zote mbili?

Binti Lukwangule
@Mzee wa Msamvu wewe uliyesema baiskeli imeibiwa?

Shombo la Feri
Jamani, mmekaa hapa saa tano mnakunywa chai. Na ina tangawizi.

Rudini bandiko la kwanza: "watoto wangu watatu". Bandiko la vyumba viwili: "watoto wanne wanalala chumba kimoja". Mtu anasahau baba yuko wapi, sawa. Anasahau idadi ya watoto? Huyu ni mwandishi, kasema mwenyewe kazi yake ni kuchagua kisa na kukisafisha. Anatafuta kisa cha toleo la 20 na ninyi ndio mnamwandikia bure. Mwezi ujao mtanunua mawazo yenu wenyewe kwa 500.

Kibatari
Duh. Nimerudi kuhesabu. Ni kweli, wanne.

Chaguo la Mama
Nilikuwa nimeshaanza kumwombea.

Mama Wakili wa Mtaani
Watu wakiwa na msongo wanakosea namba. Msiwe na haraka.

Shombo la Feri
Nikosee namba ya simu, sawa. Wanangu nawajua hata nikiwa nimelewa. Na hiyo ya kwaya mmeiona ilivyowekwa mahali pake? Kisa kimepangwa hicho. Mods funga uzi.

Sufuria Kubwa
Hata kama ni chai, hesabu ya mchele ni ya kweli.

Kijiko cha Mbao
Sijakosea.

Niliozaa ni watatu. Wa nne ana miaka saba. Baba yake alimleta Januari ya mwaka uleule aliotuacha, jioni, tukiwa tunakula. Ana begi la shule mgongoni na kandambili za rangi mbili. Akasema mama yake ameolewa huko na mume hamtaki. Nikamwekea sahani, ningefanya nini. Machi mwenye mtoto akaondoka, mtoto akabaki.

Kwenye kijarida hayumo. Nimeandika watoto watatu tangu mwanzo na sikujua pa kumwingizia. Ningemwelezaje? Sasa kajua kusoma. Mwezi uliopita alichukua nakala moja kwenye boksi, akaisoma yote kwa kidole, mstari kwa mstari, jikoni pale nikiwa napepeta mchele. Alipomaliza akaniuliza, "Mama, mimi huwa nakaa wapi?"

Anakaa kiti cha baba. Ndicho kilichokuwa wazi.

Binti Lukwangule
Dada.

Shombo la Feri
Hii nayo imekaa kama imeandikwa. "Kwa kidole, mstari kwa mstari." Samahani lakini nasema ninachokiona.

Mwalimu wa Ngeli
@Shombo la Feri anaandika kila mwezi. Ulitaka aeleze kama karani wa mizani?

Shombo la Feri
Nataka ushahidi.

Kibatari
Ushahidi wa mtoto wa watu mtandaoni? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inafanya kazi tangu Mei 2023. Picha ya mtoto hapa mimi wa kwanza kuripoti.

Shombo la Feri
Basi sawa. Nimebaki na shaka yangu, nimekaa nayo pembeni.

Mama Wakili wa Mtaani
Yule anayekutumia sauti saa nane za usiku, analia nini?

Kijiko cha Mbao
Mumewe amerudi na mtoto. Huwa ananiuliza mimi ningefanyaje, kwa kuwa nyumba yangu imetulia.

Mama Wakili wa Mtaani
Na unamjibu nini?

Kijiko cha Mbao
Namtumia kisa cha daftari.

Mzee wa Msamvu
Mimi ningetaka kujua kama huyo wa Tabora alipata habari kuwa baiskeli haikuwa yangu. Nadhani alijua palepale. Kengele niliyomweleza niliikosea, na yeye mwenyewe alikuwa fundi baiskeli. Alisubiri niseme, mpaka treni ikapiga honi. Ile mia aliniachia hivyohivyo.

Binti Lukwangule
Dada Kijiko, steshenari wameshachapa zote 300?

Kijiko cha Mbao
Wamechapa 80. Mashine iliisha wino. Wanaendelea kesho asubuhi.

Mwalimu wa Ngeli
Basi 220 bado.

Kijiko cha Mbao
Mwalimu, niache kidogo.

Kibatari
Siku ya pili, tunasubiri. Mleta mada amepotea.

Shombo la Feri
Niliwaambia.

Kijiko cha Mbao
Sijapotea, nilikuwa steshenari.

Nimempigia mwenyekiti wao. Nimemwambia baba hayuko Mwanza. Nikamwambia na tangu lini. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza, watoto unao wewe? Nikasema ninao, wanne. Akasema gazeti linasema watatu. Nikasema najua. Akasema atazungumza na wenzake atanijibu jioni, na ile hela nisiirudishe kwanza.

Hajapiga bado. Wanaweza wasije, na wakija sijui watakuja kama nani. Lakini nimeshanunua nyama kwa sababu bucha ninayoiamini hawachinji Ijumaa. Huyu wa nne ndiye anamenya vitunguu hapa, machozi yanamtoka na hataki kuniachia kisu. Anauliza vikatwe vipi.

Sufuria Kubwa
Vyembamba, ukubwa mmoja, vikaangwe mpaka viwe kahawia iliyokolea, asikimbilie kuweka nyama. Na mchele ongeza nusu kilo. Mimi nilipiga hesabu ya watoto watatu.