Kijana wangu kakutwa na chenga za kioo kwenye suruali. Maabara inaweza kujua zimetoka dirisha lipi?

FundiVioo_MTW

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi vioo na alumini hapa Mtwara mjini, kibanda kipo upande wa Magomeni. Nina kijana ananisaidia, mwaka wa pili sasa, kwao Nanyamba. Usiku wa kuamkia Jumanne duka moja la simu lilivunjwa dirisha, mali ikaondoka. Jumatano jioni wakaja kumchukua kijana, eti alionekana akipita pale usiku. Wakachukua na nguo zake. Mfukoni na kwenye pindo la suruali zikakutwa chenga za kioo, na mpelelezi kaniambia zinakwenda kupimwa.

Fundi vioo asikutwe na chenga za kioo akutwe na nini, unga wa muhogo? Mimi mwenyewe mke wangu hanikubalii kukaa kitandani kabla sijaoga. Kinachoninyima usingizi ni kwamba lile dirisha nililiweka mimi, mwaka juzi, kioo cha milimita 5 kisicho na rangi. Na kibandani kila siku tunakata milimita 5 kisicho na rangi.

Swali langu: mashine inaweza kutofautisha kioo cha dirisha lile na kioo cha kibandani kwangu, au kioo ni kioo?

pweza_mkavu

Kioo ni mchanga, mchanga ni mchanga. Tafuta wakili.

binti_wa_Naliendele

Wewe wa hapo juu usimtishe mwenzio. Mchanga ni mchanga kwa mfyatua tofali.

Fundi, mimi nilikaa miaka minne maabara ya kiwanda cha saruji. Unaletewa unga, unauweka kwenye mashine ya eksirei, inakusomea chokaa kiasi gani, silika kiasi gani, chuma kiasi gani. Mawe ya machimbo yale yale, ya jana na ya leo, hayasomi sawa. Kioo nacho ni hivyo hivyo. Ukipima vile vikubwa tu, vioo vya madirisha karibu vyote ni ndugu: silika asilimia 70 na kidogo, soda kama 13 au 14, chokaa chini kidogo ya 10. Hapo hutofautishi kitu. Siri ipo kwenye uchafu mdogo uliokuja na mchanga na mawe ya chokaa, yaani strontiamu, zirkoniamu, bariamu, titaniamu. Hivyo vinahesabiwa kwa sehemu katika milioni, na hakuna mwenye kiwanda anayekaa kuvipanga. Mzigo wa mchanga ukibadilika, navyo vinabadilika.

Kwa kawaida wanaanza na mwanga. Chenga inatumbukizwa kwenye mafuta ya silikoni chini ya hadubini, mafuta yanapashwa moto polepole, na kadiri yanavyopata joto ndivyo yanavyobadilika namna ya kupinda mwanga. Inafika nyuzi fulani ukingo wa chenga unapotea machoni, kama barafu ndani ya maji. Hapo mafuta na kioo vinapinda mwanga sawasawa, kwa hiyo nyuzi hizo ndizo zinazokupa namba ya jinsi kioo kinavyopinda mwanga, na kwa madirisha inacheza karibu na 1.52. Namba za chenga mbili zikiachana waziwazi, kesi ya vioo imeishia hapo. Zikilingana ndipo unaingia kwenye kemia. Mashine nzuri kuliko zote inapiga chenga kwa leza, inachimba kishimo cha unene wa unywele, mvuke wake unapelekwa kupimwa elementi moja moja. Chenga ya nusu milimita inatosha kabisa.

Sasa nijibu: kioo unachokata leo ni cha kreti lile lile la mwaka juzi?

FundiVioo_MTW

Hapana dada! La mwaka juzi liliisha zamani. Hili nililo nalo lilishuka kutoka Dar mwezi wa pili, na kabla yake lilipita jingine. Kwa hiyo kijana amepona?

binti_wa_Naliendele

Polepole. Makreti mawili yanaweza kutoka kiwanda kimoja yakafanana kuliko unavyopenda. Ila una mlango. Chenga za suruali zikifanana na kreti lako na zikaachana na dirisha, basi zimetoka kazini. Zisipofanana na chochote cha kwako, hapo uanze kumuuliza kijana maswali.

Na jingine: kioo kikivunjwa, chenga nyingine zinarudi nyuma kwa aliyevunja, hata mita 3. Lakini nguo haizishiki. Nyingi zinadondoka saa chache za mwanzo kama mtu anatembea. Wao wamemchukua Jumatano jioni, karibu siku mbili. Mfuko na pindo ndivyo vinavyobaki na kitu.

mzee_wa_Shangani

Mwanangu fundi, usibebe kipande chochote kupeleka kituoni kwa mkono wako. Utaulizwa umekitoa wapi, nani ameshuhudia, na kesi itakugeukia. Mwombe mpelelezi kwa maandishi achukue sampuli za kreti lako. Za dirisha zichukuliwe kwenye fremu, sehemu zaidi ya moja, maana vya chini sakafuni hakuna anayejua vimechanganyika na nini. Na ripoti ikija, isome kwa makini. Mtaalamu mwaminifu ataandika kwamba vipande "haviwezi kutofautishwa". Hataandika "vimetoka dirisha hili". Hayo ni maneno mawili tofauti sana mbele ya hakimu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapa hapa Mtwara, lakini anayeomba kipimo ni polisi, kwa hiyo muulize mpelelezi ameomba kipimo gani.

FundiVioo_MTW

Narudi wakuu. Jana nilikwenda dukani nikakuta wameshafagia, na fundi mwingine anaweka dirisha jipya (kazi mbaya, mpira wa kona haujakaa). Bahati nzuri fremu ya zamani ilikuwa imeegemezwa ukutani nje, na meno ya kioo bado yamebanwa ndani ya mpira upande wa chini. Sikuigusa. Nilimpigia mpelelezi nikakaa pale kwenye ndoo kama mlinzi mpaka saa kumi alipokuja. Akatoa vipande sehemu tatu za fremu, kila kimoja bahasha yake, akaandika juu. Kisha tukaenda kibandani akachukua vya kreti jipya, na kipande cha kreti lililopita nilichokuwa nimekigeuza kibao cha kuchanganyia gundi.

Akaangalia chini, akaniuliza kama tunafagia kila siku. Nikamwambia ukweli, hatufagii.