Mrejesho: binti yangu na namba hasi kwenye aljebra

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini binti yangu wa kidato cha kwanza akipewa x² − 3x, x ikiwa −4, anapata −28 wakati jibu la kitabu ni 28.

Asanteni sana mlioniambia afute x na aache mabano matupu kwanza, ndipo aingize namba: ( )² − 3( ). Akiandika (−4)² − 3(−4) anaona mwenyewe 16 + 12. Siku ya kwanza alinuna, anasema namchosha na mabano. Kwenye jaribio la juzi maswali yote ya namba hasi kapata.

Ushauri wa kuhakiki kwa kikokotoo ulitupoteza kidogo. Alibonyeza −4² bila mabano, kikaleta −16, akaja kunicheka kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo! Kumbe kinakokotoa 4² kwanza, alama ya kutoa baadaye.

Bado kuna tatizo moja. Akiwa na haraka, 2x kwa x = 5 anaiandika 25. Hapo tunaendelea kukumbushana alama ya kuzidisha.